Nyapara Anapokuonea: Mfanyakazi Afanye Nini?

Ndugu wafanyakazi, katika ziara zetu za matawi jambo linalotufikia mara nyingi kuliko hata mshahara ni hili la kuonewa. Habari ya mshahara watu huisema kwa sauti mkutanoni. Habari ya kuonewa hawaisemi hapo. Wanangoja mkutano uishe, wanatufuata mpaka kwenye baisikeli, ndipo wanasema polepole huku wakitazama nyuma.

Kwanza tuelewane. Fomani akikuambia umechelewa, na kweli umechelewa, hajakuonea. Akikurudisha kuchuma tena mstari ulioruka, hiyo ni kazi yake. Tunasema hivi kwa sababu tuliwahi kumtetea mtu aliyekuja kazini amelewa, na mbele ya meneja tukaaibika sana. Kuonea ni kitu kingine. Ni kukutukana mbele ya wenzako, kukupeleka wewe tu kila siku sehemu ya mbali yenye majani machache, kukukata kilo kwenye mizani, kukunyima likizo wakati wenzako wamepewa, kukuzulia makosa, kukutishia kila asubuhi kwamba utapigwa kalamu. Ni kumtaka mwanamke kwa siri ndipo apewe kazi nyepesi. Na mwonevu si lazima awe mkubwa. Tumeona vibarua wakimcheka mwenzao kwa kabila lake mpaka akahama kambi.

Katika shamba moja la chai hapa Uganda alikuwako mama mmoja mchumaji hodari. Nyapara alimchukia tangu siku alipokataa kumpikia. Kuanzia hapo akawa anapelekwa upande wa bondeni, na jioni karani wa mizani anaandika pungufu. Alivumilia miezi minne. Siku moja alitukanwa mzazi wake, akatupa kapu chini, akaenda zake nyumbani. Baada ya wiki moja alikuja kwetu. Meneja alikuwa na karatasi yake tayari: mfanyakazi ameacha kazi bila ruhusa. Sisi hatukuwa na karatasi hata moja. Hakuwa na tarehe, hakuwa na shahidi, na vikaratasi vya mizani alikuwa amewashia moto. Tukashindwa.

Kwa hiyo la kwanza tunalowaomba ni msitupe kapu. Ni kweli Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtambua mfanyakazi aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu ya matendo mabaya ya mwajiri, na inamhesabu kama aliyeachishwa. Lakini mzigo wa kuonyesha hayo matendo utakuwa juu yako, na mikono mitupu haionyeshi kitu. Pia msimpige nyapara. Ukimpiga, kesi yako inakwisha na yake inaanza.

La pili, nunua daftari dogo. Kila anapokuonea, andika siku hiyo hiyo jioni: tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama alivyoyasema, na nani alikuwa karibu. Usiandike tu "alinitukana". Andika tusi, hata kama unaona haya, hata kwa lugha ya kwenu. Sisi tunaoandika haya tuliishia darasa la saba, na barua zetu zina makosa mengi ya herufi. Hakuna afisa wa kazi hata mmoja aliyetuambia kesi imeanguka kwa ajili ya herufi. Zinaanguka kwa ajili ya tarehe. Vikaratasi vya mizani, barua za onyo na karatasi za mshahara viweke pamoja nyumbani, si katika sanduku la kazini.

La tatu ni mashahidi, na hapa ndipo pagumu. Kila mtu ameona, lakini kila mtu ana watoto. Hatuwalaumu. Katika tawi moja wanawake saba waliandika barua moja wakaweka majina kwa duara, ili isijulikane nani ametangulia. Meneja alipouliza aliyeanza ni nani, hakuna aliyeweza kumjibu. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Saba wakilalamika, meneja anatafuta kiti cha kukalia.

Barua hiyo ipelekwe kwa mwakilishi wenu wa chama, naye aipeleke kwa meneja. Andikeni nakala mbili, na ile mnayobaki nayo itiwe sahihi na tarehe na aliyepokea. Na tukubali aibu yetu: wako wawakilishi wanaokunywa pombe na nyapara jioni. Kama wako ni wa namna hiyo, mruke, uje kwa katibu wa tawi au ofisi ya wilaya.

Meneja asipofanya kitu, kuna afisa wa kazi wa wilaya. Unaweza kumpelekea malalamiko hata kama bado uko kazini, na hulazimiki kuwa na wakili. Sheria hiyo ya 2006 inasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kukufukuza, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo, yasiyo na msingi. Wakitaka kukufukuza kwa kosa, lazima kwanza wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuja na mtu uliyemchagua mwenyewe. Usiingie ofisini peke yako, na usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Mwajiri asipokusikiliza kwa utaratibu huo, anadaiwa mshahara wa wiki 4 kwa kosa hilo tu.

Ukiwa umekwisha kufukuzwa, hesabu miezi 3 tangu siku hiyo. Wengi wanakuja mwezi wa tano. Haki hii ya kulalamika ni ya aliyefanya kazi wiki 13 mfululizo, na wako waajiri wanaoijua hesabu hiyo vizuri sana, ndiyo maana vibarua wengine wanaondolewa wiki ya kumi na mbili.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawajalisikia. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 huko Geneva mwezi wa Juni 2019, juu ya ukatili na unyanyasaji kazini. Uganda iliuridhia Agosti 2023. Mkataba huo unasema kwamba hata tendo moja linaweza kuwa unyanyasaji, si lazima lirudiwe. Unamhesabu kibarua, mwanagenzi na hata anayetafuta kazi. Tena hauishii shambani: unafika kwenye nyumba za kambi anazotoa mwajiri, mahali pa kulipia mshahara, na njiani kwenda na kurudi kazini. Mikataba haijitekelezi yenyewe, lakini katika mazungumzo na mwajiri tumeona inasaidia kuuweka mezani.

Wale wanawake saba, mtatuuliza walipata nini. Mizani ilipimwa upya, karani akabadilishwa. Nyapara hakufukuzwa, alihamishiwa sehemu nyingine ya shamba hilo hilo. Wachumaji wa sehemu hiyo tumewapelekea madaftari.