Magongo Siyo ya Kulalia Kwapani

Katika kuzungukia matawi tumewaona wenzetu walioumia mguu wakining'inia juu ya magongo kama nguo kambani. Sivyo. Gongo likikandamiza kwapa hubana mishipa ya fahamu, na mkono hufa ganzi. Kati ya kwapa na gongo pawe na nafasi ya vidole viwili au vitatu. Uzito ubebwe na viganja, viwiko vikipinda kidogo.

Anayetembelea mkongojo mmoja aushike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Hili tumebishiwa sana, lakini ndivyo mguu mbovu unavyopunguziwa mzigo. Kupanda ngazi hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia gongo na mguu mbovu. Kipira cha chini kikilika kibadilishwe, maana sakafu ya kiwanda yenye mafuta haina huruma.

Nani alipe? Wasomaji wetu wa Kenya wakumbuke: Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipie magongo ya aliyeumia kazini. Asikubali mtu kuambiwa akachonge mti. Atunze risiti, amwone mwakilishi wa tawi.