Chombo Hukaguliwa Kingali Pwani

Wazee wetu mabaharia hawakung'oa nanga kwa matumaini matupu. Kabla ya msimu wa safari chombo kilipandishwa pwani, kikakalafatiwa kwa pamba, kikapakwa deheni, na nahodha akakizunguka ubao kwa ubao kabla ya kuamuru tanga litwekwe. Aliyeona kazi hiyo ni kupoteza wakati, bahari ilimfunza. Na aghalabu ilimfunza mara moja tu.

Leo wengi wetu twasafiri kwa magurudumu, lakini hadhari ile ya wazee tumeiacha pwani. Mwandishi wa safu hii anayo Kombi ya Volkswagen ya zamani, iliyotiwa kitanda, kabati na jiko la gesi, ili familia ipate kulala njiani. Ni gari la aina iliyoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na ambayo Brazil iliendelea kuiunda hadi mwaka 2013. Tulipokusudia kuvuka bahari na kwenda Iringa, gari lilipelekwa gereji, likarudi na risiti na neno la kutuliza moyo kwamba kila kitu ni salama. Usiku wa kuamkia siku ya kulipakia melini, mwandishi alifungua mlango wa injini na kuushika mpira wa petroli. Ulikatika vidoleni kama ganda la muhogo mkavu.

Msomaji na azingatie jambo hili. Injini ya Kombi iko nyuma, na juu yake ndipo palipotandikwa godoro la watoto. Isitoshe, ganda la injini hiyo limetengenezwa kwa madini ya magnesi, ambayo yakishika moto hayazimiki kwa maji. Mpira ule ni wa bei ndogo kabisa, na kuubadilisha ni kazi ya nusu saa kwa bisibisi na vibano viwili. Baina ya nusu saa hiyo na msiba palikuwa na usiku mmoja tu.

Kisiwa chetu kina tabia ya kuficha maradhi ya magari. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na ardhi yake kwa sehemu kubwa ni tambarare. Dereva hukanyaga breki kidogo, hufika, na breki hupoa. Gari hilo hilo likivushwa, hukabiliwa na safari ya kilomita 500 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Iringa, na njiani kuna mlima Kitonga. Wakati wa kwenda atapanda. Wakati wa kurudi atateremka, tena na mzigo wa watu, maji na vyombo. Hapo ndipo siri hufichuka.

Mafuta ya breki yana desturi ya kunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani haina uhaba wa unyevu. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 hayachemki kabla ya joto kufika nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155 au chini zaidi. Katika mteremko mrefu breki hupata joto, mafuta huchemka na kugeuka mvuke, na mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga, mguu ukafika sakafuni, na gari halisimami. Kwa hiyo mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, yatoke katika chupa iliyofunguliwa siku ile ile, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Yako mengine ambayo mwenye gari aweza kuyatenda mwenyewe uani kwake. Injini ya Kombi hupozwa kwa upepo, na mkanda mmoja huzungusha dinamo pamoja na feni. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya dinamo huwaka. Asimamishe gari papo hapo, wala asiseme atafika kijiji cha mbele. Achukue mkanda wa akiba na spana yake. Mafuta ya injini ni lita mbili na nusu tu, basi yapimwe kila asubuhi ya safari. Nafasi ya valvu katika injini ya 1600 ni milimita 0.15, nayo hupimwa injini ikiwa baridi. Matairi yasitazamwe meno tu. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake, na tairi lililozeeka hupasuka hata kama meno yake ni mapya. Chini ya gari, mabomba ya breki yachunguzwe kutu, kwani chumvi ya bahari haina huruma. Viungo vya gesi vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, mtungi uwe mahali penye tundu la kupumulia upande wa chini.

Hata hivyo, kujitegemea si kujidanganya. Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake au kwa matofali. Na asiyepata kufungua breki hapo kabla asijifunzie juu ya gari litakalobeba watoto. Amwite fundi, akae naye, atazame na aulize.

Kwa viongozi wetu tuna maneno matatu. Kwanza, ukaguzi wa magari uwe ukaguzi wa chuma na mpira, si wa karatasi na muhuri. Gari linalovushwa kwenda bara litazamwe breki na mabomba ya petroli kabla ya kupakiwa. Pili, vituo vya mafunzo ya amali vifungue milango jioni kwa wenye magari wanaotaka kujifunza kazi hizi ndogo. Tatu, magari ya Serikali yawe ya kwanza kukaguliwa, maana mfano mwema huanzia kwa mwenye kuamuru.

Ama familia ile ilifika Iringa na ikarudi salama, ikiwa imechelewa siku moja. Kile kipande cha mpira mwandishi amekiweka juu ya meza yake ya kazi, na kila anayekuja kuaga kwa safari hukabidhiwa akishike kwanza.