Usonji Nyumbani: Kuandaa Siku Inayoeleweka

Kinyozi anawasha mashine. Mtoto wa miaka 6 anaziba masikio, anapiga mayowe na kuruka kutoka kitini. Wanaosubiri zamu wanatazamana; mmoja anasema mtoto amedekezwa, mwingine anashauri achapwe kidogo. Mama anaomba radhi na kutoka naye, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja.

Familia nyingi zenye mtoto mwenye usonji zinayajua mambo haya, na chanzo chake mara nyingi si utundu. Ubongo wa mtu mwenye usonji hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa namna yake. Mlio ambao wengine hawaujali unaweza kumuumiza kwelikweli. Lebo ya shati inaweza kumkera shingoni kutwa nzima. Wapo pia walio kinyume, wanaoumia au kuungua bila kulalamika. Ndiyo maana ni vyema mwili wa mtoto asiyesema ukaguliwe wakati wa kuoga.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huishi nayo maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao. Si laana wala uchawi, na hautokani na chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha, The Lancet. Tena mama hana hatia. Zamani wapo wataalamu waliodai kwamba watoto hupata usonji kwa kukosa upendo wa mama zao, mpaka Bernard Rimland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alipoipinga vikali hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1964.

Basi mtoto atanyolewaje? Mpeleke saa ambayo hakuna wateja. Siku ya kwanza aione tu mashine ikiwa imezimwa, aishike, aigeuzegeuze. Siku nyingine asikie mlio wake akiwa mlangoni, amwone baba au kaka akinyolewa. Akikaa kitini, kinyozi ahesabu hadi 10 kisha aizime, apumzike, aanze tena. Ikishindikana, mkasi nyumbani unatosha. Mwendo huohuo wa hatua ndogondogo hufaa kwa daktari wa meno, kwa sare mpya na kwa safari ya kwanza ya daladala au matatu, ambako honi na muziki hupigwa kwa pamoja.

Kinachowachosha wengi zaidi ni kutojua kinachofuata. Tangu mwaka 1972, mpango wa TEACCH wa Chuo Kikuu cha North Carolina, ulioanzishwa na Eric Schopler, umekuwa ukiwafundisha walimu na wazazi kuipanga siku kwa picha. Vifaa vyake si vya gharama. Kipande cha boksi hutundikwa ukutani kwenye kimo cha macho ya mtoto, kikabandikwa picha za asubuhi yake kwa mpangilio: choo, mswaki, kikombe cha chai, sare, begi. Picha zinaweza kuchorwa kwa kalamu au kukatwa kwenye magazeti na pakiti za bidhaa. Hatua ikiisha, mtoto anaibandua picha yake na kuitia kwenye kopo. Kama leo kuna mgeni au safari, picha yake iwekwe mapema, asije akashtukizwa.

Maneno nayo yapunguzwe. “Vaa viatu” hueleweka upesi kuliko maelezo marefu ya kuchelewa shule; kisha mzazi anyamaze, ampe mtoto muda wa kulichakata neno. “Ngoja kidogo” haimwambii kitu, ilhali “nikimaliza kuosha vyombo” inampa mwisho anaoweza kuuona. Asiyezungumza anaweza kuomba maji kwa kumpa mama picha ya kikombe. Wazazi wengi huogopa kuwa picha zitamfanya mtoto asiongee kabisa, lakini hazizuii usemi. Kwa baadhi ya watoto huufungulia njia.

Hata hivyo zipo siku atakazozidiwa. Anayedeka huchungulia kama anatazamwa, na akipata alichotaka hutulia. Aliyezidiwa hawezi kujizuia, hata ukimpa peremende. Mtoe penye kelele, punguza taa na maneno, waombe watu wasimzonge, na usimshike kwa nguvu isipokuwa kuna hatari. Baadaye andika daftarini kilichotangulia: njaa, usingizi, kelele, badiliko la ratiba? Baada ya wiki chache, sababu inayojirudia huanza kuonekana.

Jambo moja halisubiri: maji. Baadhi ya watoto wenye usonji hutoroka nyumbani, na wengi wao huvutwa na maji. Kisima na pipa vifunikwe, komeo la mlango liwekwe juu, mtoto afundishwe kuogelea, na namba ya simu iandikwe kwenye bangili au ndani ya nguo yake. Majirani, muuza duka na vijana wa bodaboda wamjue kwa jina.

Mzazi asibebe haya peke yake. WHO ina mafunzo ya walezi yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyotengenezwa ili hata wasio madaktari bingwa waweze kuyaendesha. Nchini Kenya, wazazi waliunda chama cha usonji, Autism Society of Kenya, mwaka 2003.

Na mtoto huyo atakua. Temple Grandin wa Marekani alikaribia miaka 4 ndipo akaanza kuongea. Leo ni profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Colorado State. Si kila mwenye usonji atakuwa profesa, na wengine watahitaji msaidizi kila siku. Anayeajiriwa mara nyingi huhitaji mambo madogo: maelekezo kwa maandishi, meza mbali na kelele, taarifa ya mapema kikao kikiahirishwa. Mwajiri anaweza kuanza kwa kumtumia maswali ya usaili siku moja kabla, kisha amuulize mwenyewe ni nini kingine kitamwezesha kufanya kazi vizuri.