Fahamu: Dozi ya dawa ya thairoidi na daktari asiyekusikiliza

Umeambiwa vipimo viko sawa, lakini bado unachoka, unahisi baridi na nywele zinakatika. Je, dozi yako ya levothairoksini, yaani dawa ya thairoidi, inatosha?

Dozi hupangwaje?
Mtu mzima ambaye tezi yake ya thairoidi haifanyi kazi kabisa huhitaji takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wazee na wenye maradhi ya moyo huanzia chini. Kipimo cha TSH (homoni inayochochea tezi ya thairoidi) hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8, kwa kuwa homoni hiyo hubadilika polepole.

Nini huvuruga dawa au vipimo?
Meza dawa kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au kahawa. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vitenganishwe nayo kwa saa 4. Biotini inayonywewa kwa ajili ya nywele na kucha huweza kupotosha majibu ya maabara. Wajawazito kwa kawaida huhitaji dozi kubwa zaidi.

Daktari asiposikiliza?
Omba nakala ya majibu, kisha uliza: TSH yangu ni ngapi, na tunalenga ngapi? Nenda na orodha ya dalili na saa unazomeza dawa. Omba pia upimwe upungufu wa damu, maana nao huchosha. Bado hasikii? Tafuta daktari mwingine. Ila usijiongezee dozi: ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika na mifupa hudhoofika.