Dawa za Sonona: Usimfiche Daktari, Usiwafiche wa Nyumbani

Yapo maradhi ambayo mtu huyataja kwa jirani bila ya haya. Mwenye malaria husema ana malaria, na watu wakampa pole. Lakini mwenye sonona, yaani ile huzuni nzito idumuyo majuma mengi na kumnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na ari ya kazi, aghalabu hunyamaza. Hata akipewa dawa hospitalini, huificha chini ya godoro asije akaitwa mwenda wazimu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini siri hiyo ni ya hatari.

Miongoni mwa dawa zitumikazo kutibu sonona ni amitriptilini, iliyoanza kutumika miaka ya 1960, na fluoksetini, iliyoanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote mbili husaidia, lakini hazina haraka. Nafuu huonekana baada ya majuma mawili hadi manne, pengine hata sita, ilhali maudhi hutangulia. Amitriptilini huleta usingizi, ukavu wa kinywa na choo kigumu. Fluoksetini yaweza kuleta kichefuchefu na kukosa usingizi. Hapo ndipo wengine huitupa dawa. Wengine hupata nafuu, wakajidhania wamepona, wakaiacha ghafla. Yafaa ieleweke kwamba aliyepata nafuu hutakiwa kuendelea na dawa kwa miezi kadhaa, kwa kawaida si chini ya sita, na kuiacha ni kwa kupunguza kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Sasa tuchukue mfano. Fundi wa kiwandani anameza fluoksetini, wala hakuna ajuaye. Siku moja mgongo unamuuma, anakwenda zahanati, na kwa kuwa hakusema neno, anapewa tramadoli. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini zaweza kumletea jasho jingi, kutetemeka, homa, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hata kifafa. Akiziona dalili hizo, akimbizwe hospitali mara moja. Angepewa aspirini au diklofenaki, hatari ya kutokwa damu tumboni ingeongezeka. Tena fluoksetini hukaa mwilini majuma kadhaa baada ya kuachwa. Kwa hiyo hata aliyekwisha kuiacha karibuni asinyamaze.

Anayemeza amitriptilini naye ana yake ya kuchunga. Pombe, au vidonge vya mafua viletavyo usingizi, humzidishia usingizi huo. Kwa dereva, au kwa mtu asimamaye mbele ya mashine, kusinzia kidogo kwatosha kuleta msiba. Dawa ya mseto ya malaria, pamoja na kwinini, zaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na amitriptilini nayo ni hivyo hivyo. Maana yake si kuacha kutibu malaria, la hasha! Maana yake ni kumwambia mganga ili achague dawa na kukuangalia. Vivyo hivyo mgonjwa wa kifua kikuu sugu atajiwapo dawa iitwayo linezolidi, sharti aseme kama anatumia dawa ya sonona, kwani mkutano wa dawa hizo waweza kuwa mbaya. Na dawa za miti shamba zitajwe pia.

Huenda ukauliza: jamaa za mgonjwa wana kazi gani katika jambo la kitaalamu kama hili? Jibu limo katika historia. Zamani zilitumika sana dawa za sonona za aina nyingine, ambazo leo hutolewa kwa nadra. Mfamasia mmoja wa Nottingham, Uingereza, aliona kuwa mkewe, aliyekuwa akitumia dawa hizo, huumwa kichwa vikali kila alapo jibini. Hakunyamaza; alimwandikia daktari Barry Blackwell wa London. Mwaka 1963 daktari huyo alitangaza hatari hiyo: jibini pamoja na dawa zile hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na zilikuwa zimekwisha kuua watu. Macho ya mume yalianza kuona kabla ya vitabu.

Basi nawe uliye karibu na mgonjwa, fungua macho. Ikiwa ni kijana wa chini ya miaka 25, mwangalie sana katika majuma ya kwanza, kwani fikra za kujiua zaweza kuzidi. Akizungumza habari ya kufa, usimkemee. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Akianza kuchangamka kupita kiasi, halali wala hachoki, daktari na ajue. Mama mjamzito asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, akaulize kwanza. Na vidonge vifungiwe mbali na watoto, kwa maana amitriptilini ikizidi kipimo huua.

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Andika majina ya dawa zako zote kwenye karatasi moja, uiweke pamoja na cheti chako cha hospitali. Kila uendapo hospitali, zahanati au duka la dawa, itoe karatasi hiyo kabla hujapokea kidonge kingine. Na nyumbani, awepo walau mtu mmoja ajuaye ilipo.