Lori Likigonga Mbele, Usianzie Duka la Vipuri

Msimu wa korosho ukifunguka mwezi Oktoba, malori ya Newala na Masasi hayapati usingizi. Magunia hutoka kwenye maghala ya vyama vya msingi, hupelekwa kwenye maghala makuu ya mfumo wa stakabadhi ghalani, kisha hushushwa bandarini Mtwara. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ambayo baadaye ilifikishwa hadi Masasi, ilifungwa mwaka 1962, na tangu hapo mzigo wa ukanda huu umekuwa juu ya matairi. Kwa hiyo dereva anaposema gari linagonga mbele, si yeye peke yake mwenye shida. Mkulima anayesubiri mzigo wake ufike naye amo. Dawa iliyozoeleka ni kununua: leo bushi, kesho shokapu, wiki ijayo kingpini, na mlio uko palepale. Kosa la mtindo huo ni kuuchukulia mlio kama anwani ya ubovu. Mlio unachotuambia ni kwamba mahali fulani chuma kimeachiana nafasi na chuma mwenzake, na nafasi hiyo ikizibwa ghafla, vinagongana. Ni wapi, hautuambii. Hapo pa kuachiana pataonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono, na fedha isitoke mfukoni kabla hapajapatikana.

Sikio hudanganyika kwa sababu ya umbo lenyewe la lori. Fuso na malori mengi ya aina yake yana ekseli moja nzima ya mbele, imefungwa kwenye springi za bapa kwa yubolti, na springi nazo zimeshikwa kwenye chesisi kwa pini na bushi. Chuma kimeungana na chuma kutoka kwenye tairi hadi chini ya miguu ya dereva, na sauti husafiri humo kwa urahisi. Kishindo kilichoanzia kwenye bushi ya nyuma ya springi ya kushoto kinaweza kusikika kana kwamba kiko chini ya usukani. Tena, sehemu nyingi zikilegea hutoa mlio unaofanana: yubolti iliyolegea, shokapu iliyokula mpira wake, kingpini iliyochakaa na tairodi iliyokwisha, zote dereva atazieleza kwa neno lilelile, "linagonga".

Swali la kwanza la fundi basi lisiwe "linagonga wapi", bali "linagonga lini". Likigonga mara moja breki inapokanyagwa, na mara nyingine inapoachiwa, kuna kitu kinachosogea mbele na nyuma, na wa kushukiwa kwanza ni yubolti, bushi za springi na sentabolti, ile bolti inayozishika bapa pamoja na kuiweka ekseli mahali pake. Likigonga usukani ukizungushwa huku na huku lori likiwa limesimama, tazama viungo vya usukani na bolti zinazoshika boksi la usukani kwenye chesisi. Likigonga mfululizo kwenye matuta madogo kwa mwendo wa polepole, bushi na shokapu ndizo za kuanza nazo. Mlio ukiongeza kasi kadiri tairi linavyozunguka, nenda kwenye beringi na nati za tairi, tena bila kuchelewa. Njia za huku zenyewe ni msaada. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, yenye takriban kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa awamu, hivyo safari moja humpitisha dereva kwenye lami na kwenye vumbi. Tena Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde na Masasi iko chini yake. Anayeshuka akishika breki huhamishia uzito mwingi mbele. Mlio unaotoka kwenye mteremko tu, na kunyamaza kwenye tambarare yenye matuta, tayari umepunguza orodha ya washukiwa.

Baada ya maswali, macho. Vyuma viwili vinavyosuguana huacha alama mbili: mng'aro mahali vinapogusana, na unga mwekundu wa kutu pembeni yake. Hapa udongo unaleta ugumu wake, kwa kuwa sehemu kubwa ya uwanda wa Wamakonde ni mchanga mwekundu, na vumbi lake likishikamana na grisi iliyovuja hufunika ekseli yote kwa rangi ileile ya kutu. Fundi anayetafuta wekundu ataona wekundu kila mahali. Lazima sehemu isafishwe kwanza, na kwa kuwa Newala ni mji ulioujua uhaba wa maji kwa miaka mingi, si lazima lori lioshwe: brashi ya waya, tambara na dizeli kidogo vinatosha kuzunguka yubolti, ncha za springi na viungo vya usukani. Kisha ipigwe chaki, mstari mmoja ukipita juu ya nati na bamba lake, mwingine ukikata bapa zote za springi ubavuni. Lori litembezwe kilomita chache, lirudi. Mstari uliokatika unaonyesha bapa au nati iliyohama, na unga mpya mwekundu juu ya chuma kilichokuwa safi hauwezi kusingiziwa barabara. Upimwe pia umbali kutoka katikati ya tairi hadi kwenye pini ya mbele ya springi, kulia na kushoto. Ukitofautiana waziwazi, huenda sentabolti imekatika na ekseli imerudi nyuma upande mmoja.

Mwisho ni mkono. Matairi ya nyuma yawekewe vigingi, ekseli ya mbele inyanyuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara, kwa sababu jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini ya lori. Tairi lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mwenzako akanyage breki na kuishikilia, nawe utikise tena. Mchezo ukipotea, ulikuwa kwenye beringi, kwa kuwa breki imeifunga habu. Ukibaki, ni kingpini. Halafu tairi lishikwe kushoto na kulia huku mtu mwingine akitazama viungo vya tairodi kimoja kimoja: kinachochelewa kufuata mwenzake ndicho kilichokwisha. Haya yote hayahitaji kompyuta, ila yanahitaji watu wawili.

Wapo watakaosema fundi mzoefu hana haja ya mlolongo huu, akisikia tu anajua. Kweli, uzoefu unasaidia sana, lakini kazi yake ni kumwambia aanze kupima wapi, si kumwondolea kupima. Fundi akikisia vizuri, kipimo kitamthibitisha kwa dakika chache. Akikosea, kitamwokoa mteja na gharama. Wengine watasema bushi si ghali, ni bora kubadilisha zote na kumaliza maneno. Tatizo ni kwamba bushi mpya iliyofungwa karibu na yubolti iliyolegea itachakaa mapema, na chanzo kitaendelea kupanua matundu na kukata sentabolti. Grisi nayo si jibu kamili. Kingpini kavu ikipewa grisi, ekseli ikiwa imenyanyuliwa ili grisi iingie hadi upande uliokuwa umebanwa na uzito, yaweza kunyamaza. Ila iliyokwisha nayo hunyamaza kwa siku kadhaa, huku ubovu ukiendelea. Ndiyo maana itikiswe kabla ya kupakwa grisi.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye lori: msimu ni mfupi, na gari lililolala gereji haliingizi kitu. Hesabu hiyo ni halali, lakini inapinga ukisiaji kuliko inavyopinga upimaji. Kusafisha, kupiga chaki na kutikisa tairi ni kazi ya nusu siku. Kufungua mbele mara tatu kwa vipuri visivyohusika ni siku tatu, ukiacha bei yake. Pia si kila mlio unadai lori lisimame. Mpira wa shokapu uliochakaa unaweza kusubiri mzigo ushushwe Mtwara. Yubolti iliyolegea, sentabolti iliyokatika, kiungo cha usukani kinachocheza au beringi iliyokwisha haviwezi kusubiri, kwa sababu kikiachia kimojawapo kwenye mteremko wa kushuka Masasi, dereva anabaki na usukani usioongoza tairi. Kwa masikio tu makundi haya mawili hayatenganishiki, na mwenye lori asiyepima hana msingi wa kuamua lipi lisubiri na lipi lifungwe leo.