Murongo Wakati wa Vuli

Watu wa nchi yetu wakitaja matembezi ya mapumziko, aghalabu fikira zao huelekea pwani ya Unguja au mbuga za Serengeti, tena katika miezi mikavu, kana kwamba mvua ni hasimu wa starehe. Kwa Karagwe na Kyerwa, wilaya za mkoa wa Kagera, dhana hiyo haifai hata kidogo, kwani nchi hizo zimeumbwa na mvua, na aliyeziona katika vumbi la Julai tu ameona ganda, tunda hajalionja.

Marafiki wanaotoka Bukoba kwa gari, mwezi wa Novemba au Desemba, huvuka mto Kagera pale Kyaka, penye daraja lililovunjwa mwaka 1978 katika vita vya Idi Amin, kisha hupanda vilima vya Karagwe kwa lami hadi Kayanga. Kutoka Omugakorongo, huko huko Karagwe, kupitia Kigarama, hadi Murongo ni kama kilomita 111, na popote udongo mwekundu ulipo mtupu, mvua ya saa moja huugeuza utelezi ambao dereva mwenye busara hashindani nao: huegesha gari, akangoja jua lirejee. Asiyekuwa na busara hufunzwa na mtaro, na sahibu zake hushuka kusukuma, matope yakiwafika magotini. Mimi huamini kuwa tabia ya rafiki hudhihirika hapo kuliko katika karamu yoyote.

Kungojea huko, ambako wenye haraka hukuhesabu hasara, ndiyo sehemu bora ya safari. Msafiri hujibanza barazani kwa wenyeji, migomba ikilia kwa matone, akaletewa matoke yenye mvuke, na pengine kahawa kavu za kutafuna, ambazo tangu kale ni taadhima ya mgeni katika nchi hiyo. Ikiwa bahati yake ni njema, mvua hizo huwa zimeleta senene, panzi wa kuliwa, nao usiku hunaswa kwa taa kali zilizozungukwa na mabati, wakiteleza mpaka ndani ya mapipa. Zamani, kwa Wahaya, wanawake ndio waliowakamata na kuwachambua, ilhali kuwala wakakatazwa. Amri hiyo wanawake wa leo wameitupilia mbali, nami sioni wa kuwalaumu.

Murongo yenyewe imo katika wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, nayo ni ya mpakani: ng'ambo ya Kagera ni Kikagati ya Uganda, na wachuuzi wa pande mbili huzoeana kuliko ramani inavyodhani. Mto huo, ambao maji yake hutoka milima ya Burundi na Rwanda na kwenda kuishia katika Ziwa Viktoria, wakati wa mvua huwa mwekundu kwa udongo wa vilima. Karibu yake ni Ibanda-Kyerwa, iliyokuwa pori la akiba hata ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Humo nyasi za vuli huwa ndefu, na mwenye kutaka kuona wanyama sharti awe na subira.

Katika wilaya hiyo hiyo zipo chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo mpelelezi Stanley alizizuru mwaka 1876 alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, na mpaka leo watu huziendea kutafuta shifaa. Kuhusu shifaa, waulizwe matabibu. Lakini msafiri aliyelowa tangu alfajiri huvua viatu kabla mwenyeji hajamaliza kumkaribisha.